Nguzo Mbili za Otieno

Mwanangu Okoth,

Barua huanza kwa salamu, lakini nitakusalimu vipi na wewe umelala chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu, nakusikia unakoroma kama marehemu baba yako? Basi salamu tuziache. Kesho utashika njia ya Kisumu, kisha Nairobi, kisha ndege ikupeleke Ureno kwa yule mama uliyenionyesha picha yake, msanifu mwenzako anayetengeneza nyumba za zamani na mwenye ofisi yake mwenyewe. Barua hii nitaitia katikati ya michoro yako ndani ya sanduku, mahali ambapo hutatazama mpaka ufike. Nimeona afadhali niandike, kwa sababu mdomo wangu naujua. Ukiachiwa nafasi utaanza kukuambia uvae soksi.

Sitakuambia uvae soksi. Maagizo ya namna hiyo niliyamaliza yote kwa ndugu yako. Siku niliyomsindikiza Otieno mpaka Isebania, alipokuwa anavuka kwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Tanzania, nilimwambia asilale bila neti, asinywe maji yasiyochemshwa, na alifue lile shati maana kola ilikuwa imeshika weusi. Alikuwa anakula chapati amesimama, ananitazama, anangoja nimalize. Nilipomaliza, akapangusa mikono kwenye suruali, akapita kati ya malori na wale wabadilisha pesa, akaenda. Neno la mwisho nililompa mwanangu wa kwanza uso kwa uso lilihusu kola ya shati. Nimelitafuna neno hilo miaka yote hii na bado halijamezeka.

Wewe ulikuwa bado mdogo, unavaa kaptura ya shule, kwa hiyo mengine huyajui, na mengine unayajua kwa jinsi nilivyokuambia, ambayo si jinsi yalivyokuwa.

Nianze mbali kidogo. Unajua kwa nini nyumba hii inaongea Kiswahili wakati majirani wote wanaongea Kijaluo. Baba yako alikuja Kegonga kununua mahindi ya duka la mjomba wake, akanikuta kwenye mzani, akajaribu kunichekesha kwa Kikuria akatukana bila kujua. Kijaluo changu nacho hakikutosha hata kuombea chumvi. Tukapendana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, tukawalea kwa Kiswahili. Lakini nilipoletwa hapa karibu na Oyugis kama mke, niliona macho ya watu. Waliniita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, na bado wananiita hivyo. Hawakuwa na ubaya. Mimi ndiye niliyesikia ubaya. Nikajiapiza kwamba hakuna siku ambayo mtu atasema mila ya boma hili imevunjwa na mwanamke aliyetoka kwingine.

Mwaka wangu wa kwanza, mvua ikaanza kunyesha na bibi yako alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake Homa Bay. Nilikuwa nimeambiwa kwamba hapa mke wa mtoto hapandi kabla ya mama mkwe. Basi nikakaa na mbegu zangu. Majirani wakapanda, mahindi yao yakachomoza, yakafika magotini. Baba yako akaniambia nipande. Nikakataa. Bibi yako aliporudi akanikuta nimekaa mlangoni na gunia langu, na shamba ni magugu matupu. Alicheka mpaka akaketi chini.

"Nyar Kuria," akasema, "si ungenipigia simu kwa duka? Ningekuambia panda! Hata sisi wenyewe saa zingine tunapanda tu."

Mwaka ule tulikula mahindi ya kununua. Watu walilisimulia jambo hilo kwenye matanga na harusi, na mimi nilicheka nao. Ningekuwa na akili ningejifunza hapo hapo. Sikujifunza. Nilichoona mimi ni kwamba wananicheka lakini hawawezi kunilaumu, na nikaridhika na hilo.

Sasa nakuja kwa lile ambalo wewe na mimi hatujawahi kuliongea tukiwa tumetulia.

Ulirudi kutoka chuoni Nairobi ukiwa msanifu majengo, mtu wa kwanza katika ukoo huu kuwa na muhuri wake. Ukafungua ofisi Migori mjini, chumba kimoja juu ya duka la mbolea. Niliona fahari siwezi kueleza. Nilipokuja kukutembelea nilileta ndizi nikawagawia hata wapita njia kwenye ngazi. Lakini nilikaa pale mchana mzima nikasikiliza. Yule mwenye kiwanja alikuambia, "Kijana, hii karatasi ni ya nini? Fundi wangu anachora na kijiti kwa mchanga na nyumba inasimama." Mwingine alitaka umchoree kwanza ndipo aone kama atakuhitaji. Ukamchorea. Nilitaka kukufinya kama mtoto.

Jioni ile ulinionyesha nyumba kwenye simu yako. Ndogo, dirisha kubwa upande wa jua la asubuhi, paa limeinama upande mmoja ili maji yote ya mvua yaende kwenye tangi. Ulisema ni simba yako, ile nyumba ambayo kijana wa Kijaluo hujijengea katika boma la baba yake, lakini tangi lilikuwa upande wa jikoni kwangu, na nilijua ni kwa sababu ya mgongo wangu na njia ya mtoni.

"Watu hawaelewi karatasi, Mama," uliniambia. "Wacha nijenge hii moja hapo nyumbani, karibu na barabara. Wakiiona watakuja. Hiyo ndio itakuwa ofisi yangu."

Nikakuitikia. Kumbuka nilikuitikia. Nafikiri sikuwa nimeelewa kwamba ulimaanisha karibuni.

Kisha nikarudi kutoka soko la Oyugis siku moja, kikapu kichwani, nikakuta umepiga vigingi karibu na lango na kamba imezunguka. Ulikuwa umepiga magoti unapima kona, unapiga mluzi. Nikatua kikapu. Nikang'oa kigingi cha kwanza, cha pili, vyote, nikavitupa zizini. Wewe ulibaki umepiga magoti na kamba imelegea mkononi.

"Kwa hii boma mkubwa ndio anaanza!" nilikupigia kelele. "Otieno hajajenga. Wewe utajenga mbele yake kama nani?"

Nawe ukaniambia, polepole, "Mama, wewe ni Mkuria. Nani alikupea sheria zetu?"

Nilikupiga kofi, mtu mzima mwenye muhuri.

Baba yako mdogo Ochieng' alisikia akaja. Unamjua, hapendi maneno mengi. Alisema kuna njia, wazee wote wanaijua. Mkubwa akiwa hayupo, husimamishiwa kitu kidogo kwa jina lake, nguzo mbili na nyasi juu, ihesabiwe kwamba amejenga, kisha mdogo wake anaendelea. "Nyar Kuria, wacha kijana ajenge," alisema. "Tutamwekea Otieno miti mbili pale. Hiyo inatosha."

"Hiyo wanawekea mtu amekufa," nikamjibu.

Alitazama vigingi kule zizini, akaondoka.

Okoth, nilikuambia ni mila. Nilimwambia kila mtu ni mila, na watu waliniheshimu kwa hilo, wakasema yule mama anashika desturi kuliko sisi. Haikuwa mila. Mila yenyewe ilikuwa na mlango na Ochieng' alinifungulia. Mimi ndiye niliyekataa kupita, kwa sababu kusimamisha nguzo zile kulikuwa sawa na kusema kwa mdomo wangu kwamba Otieno hatarudi.

Unajua nilivyokwenda kumtafuta. Mwanzoni alikuwa anapiga simu, kisha simu ikawa haipatikani. Mtu mmoja akaja akasema kulikuwa na shimo lililoporomoka na vijana kadhaa wa Kenya walikuwa ndani, lakini hakuyajua majina yao. Mwingine akasema hapana, alimwona Otieno akiwa na mke na mtoto mgongoni mwa mke, anauza mitumba. Nikavuka. Nilizunguka na picha yake ya shule. Wengine waliitazama kwa huruma, wengine waliitazama kwa haraka. Mwanamke mmoja mpika chai aliishika muda mrefu, kisha akasema, "Anafanana na wengi, mama." Nilirudi na hilo tu. Lau ningeletewa mwili, ningelia nikanyamaza. Lau ningeletewa habari za uhakika kwamba yuko hai na ametusahau, ningemlaani kisha nikamsamehe. Sikuletewa kitu. Ndipo nikajifanya mlinzi wa mahali pake, nikisema moyoni kwamba pakikaa wazi, atakuwa na pa kurudia.

Waswahili wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Katika boma letu ilikuwa kinyume. Asiyekuwapo ndiye aliyekuwa na lake, na wewe uliyekuwapo, uliyekuwa ukinichotea maji, hukuwa na hata futi moja ya kusimamia.

Na jina langu, je? Kila asubuhi sokoni, "Mama Otieno, habari." Kanisani, "Mama Otieno, tuongoze kwa maombi." Wanaliita mara nyingi kiasi kwamba huwezi kuamini mtu huyo hayupo.

Baada ya siku ile ya vigingi hukuniuliza tena. Ulikaa Migori mwaka mwingine na karatasi zako, bila nyumba ya kumwonyesha mtu, kisha ukafunga chumba kile. Uliniambia wateja hawakuja. Nilijua kwa nini hawakuja. Kazi yako ya kwanza ndiyo ingewaleta, nami niliitupa zizini.

Sasa unakwenda mbali, ukajifunze kwa yule mama jinsi ofisi inavyoendeshwa, jinsi mteja anavyopatikana na jinsi anavyoambiwa hapana. Unasema ni miezi michache, kisha utarudi ufungue tena. Mbele ya watu nimeitikia. Hapa sitaitikia. Siamini kwamba utarudi, Okoth. Nimetafuta neno laini kuliko hilo nimekosa. Meza yako ya kuchorea umewapa watoto wa chekechea pale kanisani. Viatu vyako vya kazi umempa baba yako mdogo. Mtu atakayerudi hagawi viatu vyake. Sikulaumu. Utakaa huko, utapata kazi, utapata mtu, na siku moja utanipigia simu kunieleza kwa upole kile ambacho mimi nilikijua tangu nilipokukunjia shati la kwanza sandukuni. Watu watakutupia ule msemo wao, mkataa kwao mtumwa. Usiusikilize. Wewe hukukataa kwenu. Kwenu ndiko kulikokukataa, na aliyekukataa ni mimi.

Ninayo nasaha moja tu ya biashara, nayo niliipata kwa ndizi. Unajua kazi yangu, mikungu kutoka Kegonga mpaka Oyugis, na ndizi haina subira. Nilipokuwa mgeni sokoni, kulikuwa na mwenye hoteli aliyeniahidi kuja kuchukua mikungu yangu yote. Wanawake wakaja, nikawaambia hapana, hizi zina mwenyewe. Wakanunua kwa jirani. Jioni mwenye hoteli hakuja, na kesho yake ndizi zilikuwa madoadoa, nikawapa mbuzi. Tangu siku ile sikumkataa tena aliyesimama mbele yangu kwa ajili ya aliyeahidi kuja. Wenzangu walinisifu kwa ukali wa biashara. Mwanamke huyohuyo akirudi nyumbani jioni alikuwa anamfukuza mtoto aliyesimama mbele yake kwa ajili ya yule ambaye hakuahidi hata kuja. Huko kwenye ofisi ya watu, utakapojifunza mahesabu na mikataba, kumbuka kwamba mtu anaweza kujua jambo kabisa sokoni na asilijue nyumbani kwake. Usidhani elimu inahama yenyewe kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Mimi yangu haikuhama.

Na nyingine, ingawa nilisema moja. Mtu akikuambia ni desturi, ni sheria, ni utaratibu wa kampuni, msikilize uso wake. Mara nyingi kuna jambo linalomuuma nyuma ya hiyo sheria na hawezi kulitaja. Wewe uliniuliza nani alinipa sheria zenu. Lilikuwa swali zuri, nami nilikujibu kwa kofi kwa sababu jibu lilikuwa la kuaibisha. Ungeniuliza, "Mama, unaogopa nini?" labda ningekuambia. Labda pia ningekupiga. Sijui. Najua tu kwamba sisi wawili tumeishi katika nyumba hii kama watu wanaozunguka shimo, kila mmoja anamwonyesha mwenzake pa kukanyaga, na hakuna anayetaja shimo.

Leo nimelitaja.

Ulipokwenda Oyugis kununua sanduku, kisha ukapitia Homa Bay kuwaaga rafiki zako, nilimwita Ochieng'. Sikumweleza. Nilimwambia tu alete jembe na miti miwili. Alinitazama, akauliza, "Una hakika, shemeji?" Ni mara yangu ya kwanza kumsikia akiniita shemeji na si Nyar Kuria. Nikasema sina hakika lakini alete.

Alikuja amevaa viatu vyako. Alichimba pale palipokuwa pa Otieno tangu azaliwe, mimi nikashika mti ukasimama wima huku yeye akishindilia udongo kwa kisigino. Kisha wa pili. Tukaweka ufito juu na nyasi kidogo, haikuzidi kiuno changu. Kuku wakaja mara moja kuchakura chini yake. Ochieng' akavua kofia akaniuliza kama nataka tuombe. Nikamwambia hapana, kama ni kuomba nimeomba vya kutosha. Nikainama nikasema, kwa Kiswahili, "Otieno, mwanangu, hii ni nyumba yako." Nilitaka kuongeza neno. Nililokumbuka ni la kola, nikanyamaza.

Sikulia. Nilidhani ningelia. Nilihisi tu kwamba nimefanya jambo ambalo sitaweza kulirudisha, na nimelifanya wakati haliwezi tena kumfaa mtu.

Uliporudi giza lilikuwa limeingia, hukuona. Kesho ukitoka na sanduku utaliona banda lile la nguzo mbili kando ya lango. Ukiuliza, nitakuambia ni banda la kuku. Nawe utajifanya umeamini, kwa sababu ndivyo tulivyozoeana, na utaniaga, na gari litaondoka. Ukiisoma barua hii utakuwa huko, na hapo utajua lilikuwa nini.

Basi ujue. Njia iko wazi. Mahali pako ni pako, upande wa pili wa lango, kutoka kwenye nguzo ya ua mpaka pale mihogo inapoanzia. Vigingi vyako havipo; vingine vilioza, vingine nilipikia. Sikuombi urudi ujenge. Nimepoteza haki ya kuomba. Nataka tu kwamba mtu akikuuliza huko kama kwenu kuna pako, usiinamishe kichwa. Mwambie papo, na kwamba mama yako alichelewa kukuachia.

Nilitaka kumalizia barua hii kwa kujiita Mama Okoth, angalau mara moja, kwa vile katika maisha yako yote hujasikia mtu akiniita hivyo. Nimekaa na kalamu muda mrefu. Nimejaribu hata kulitamka jina hilo kwa sauti ya chini usije ukaamka. Hata baada ya kuzisimamisha nguzo zile, mkono umekataa. Nisamehe na hili pia.

Nakupenda, Okoth. Wewe ndiye uliyekuwapo.

Ni mimi,
Mama Otieno